Ufa, Ukuta na Uamuzi wa Kubomoa: Funzo kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar

Utangulizi

Wanafunzi wetu hukutana mapema sana na methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Huikariri, huieleza maana, hutunga kisa kinachooana nayo, nasi walimu tukawapa alama. Ni nadra tuisome jinsi ilivyo, yaani kama maneno ya fundi aliyesimama mbele ya nyumba na kumwonya mwenye nyumba.

Katika makala haya tunakusudia kuisoma hivyo. Swali tunalojiuliza ni hili: katika mtaa wa kihistoria, nyumba kongwe inapokuwa mbovu, uamuzi wa kuibomoa au kuitengeneza hufanywaje, na ufanywe kwa kigezo gani? Tumeuchagua Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa sababu mbili. Kwanza, Kiunguja, lahaja ya mji huo, ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu tunachokifundisha hapa Uganda. Pili, historia ya mji huo ina mifano mingi ya uamuzi wa aina hii: lipo jumba lililoondolewa, lipo lililookolewa, lipo lililogeuzwa, na lipo lililosubiri mpaka likaanguka. Mwishoni tutarejea Kampala, maana suala hili tunalo hata sisi.

Hoja yetu ni kwamba uamuzi wa kubomoa kwa kawaida haufanywi siku ambayo tingatinga linafika. Huwa umekwisha kufanywa kimya kimya, miaka mingi kabla, na watu ambao hawakujua kuwa wanaamua.

Nyumba ya mawe na maradhi yake

Ili tuelewe kwa nini nyumba hizi hufika mahali pa kujadiliwa zibomolewe au la, yatupasa kwanza tujue zilivyojengwa. Kuta za nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo. Ni kuta nene. Chokaa chenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Sakafu za juu na dari hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa pwani. Kwa kuwa boriti haiwezi kubeba mzigo mzito ikiwa ndefu kupita kiasi, upana wa chumba ulikuwa takribani mita 2.5 hadi 3. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba na virefu. Umbo la chumba limeamuliwa na mti.

Nyumba ya namna hii inaweza kuishi miaka mingi sana, lakini kwa sharti moja: maji yasiingie. Chokaa ni laini na hupumua. Unyevu ukiingia ukutani, hutoka tena polepole kupitia lipu ya chokaa. Hata hivyo lipu hiyo huchakaa, kwa hiyo lazima irudiwe mara kwa mara. Paa likivuja na lisizibwe, maji hushuka ndani ya ukuta, udongo hulainika, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani huanza kuoza. Kwa nje nyumba huonekana nzima. Siku boriti moja inapokatika, sakafu huanguka, na ukuta uliokuwa ukishikwa na sakafu hiyo hubaki peke yake.

Jambo lililoongeza maradhi ni saruji. Fundi asiyezoea chokaa huziba ufa kwa saruji akidhani ameimarisha ukuta. Saruji ni ngumu kuliko jiwe inaloliziba, tena haipumui. Unyevu na chumvi ya bahari hubanwa ndani, na ukuta huharibika nyuma ya lipu iliyo nzuri machoni. Kwa hiyo methali yetu inahitaji nyongeza ndogo: si kila anayeziba ufa huokoa ukuta. Inategemea ameuziba kwa kitu gani.

Uamuzi wa mwaka 1896

Tuanze na jumba lililoondolewa. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alijenga Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, mwaka 1883. Lilikuwa jumba la sherehe, lenye nguzo za chuma zilizoletwa kutoka nje na roshani pana zilizolizunguka. Baadaye liliwekwa taa za umeme na lifti, na watu wakastaajabu. Karibu nalo palikuwa na Beit al-Hukm, na mbele yake mnara wa taa uliotazama bahari.

Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Uingereza ziliyapiga mizinga majumba hayo ili kumwondoa Khalid bin Barghash aliyekuwa amejitangaza sultani. Vita hivyo havikutimiza saa moja. Beit al-Hukm na mnara wa taa viliharibiwa vibaya, ilhali Beit al-Ajaib liliharibika kidogo tu. Baada ya hapo ilibidi kuamua. Beit al-Hukm halikujengwa tena. Mabaki yake yaliondolewa na mahali pake pakawa bustani. Badala ya mnara wa taa, mnara wa saa uliunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib mwaka 1897. Mwaka 1911 jumba hilo likawa ofisi za serikali ya kikoloni.

Kinachotuvutia hapa ni kwamba sura ya Beit al-Ajaib ambayo wengi wetu tunaijua kwa picha, yenye mnara wa saa katikati, si ile aliyoijenga Barghash. Ni sura iliyotokana na mizinga na na uamuzi uliofuata. Anayesema kuwa jengo la kihistoria lazima libaki kama lilivyokuwa mwanzo, hana budi aulizwe: mwanzo upi? Jengo ni kama neno. Huzaliwa na maana moja, likapita mikononi mwa watu, likaongezewa nyingine, na maana hizo zote ni historia yake.

Baada ya mwaka 1964

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa. Wengi wa waliokuwa wamiliki walikuwa wameondoka. Serikali iliwapangisha familia zilizohitaji makazi, nyingi zikiwa zimetoka mashamba au ng'ambo ya Mji. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ikawa ya familia kadhaa. Kwa upande wa haki ya makazi, watu wasio na uwezo walipata pa kuishi katikati ya mji, na jambo hilo tusilidharau.

Lakini kodi ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba haikutosha kulipia lipu na paa. Mpangaji hakuwa na sababu ya kutengeneza nyumba isiyo yake, na mwenye nyumba, yaani serikali, alikuwa na mahitaji mengine mengi. Sehemu nyingine ya nyumba ilikuwa wakfu: mtu wa zamani aliitoa ili mapato yake yasaidie msikiti au wahitaji. Nyumba ya wakfu haiuzwi, na kama mapato yake ni madogo, utengenezaji wake nao huwa mgumu. Wakati huo huo mabomba na vyoo viliongezwa juu ghorofani kwa saruji, na maji yakaanza kupita mahali ambapo hayakuwahi kupita.

Hakuna aliyesema mji ubomolewe. Hata hivyo, kati ya miaka ya 1960 na 1980 nyumba nyingi ziligeuka magofu na nyingine zikaanguka zenyewe. Bandu bandu huisha gogo. Kila mwaka bila chokaa ulikuwa kura moja ya kubomoa, ingawa hakuna aliyeihesabu.

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Jina hilo lina maneno mawili ambayo mara nyingi hugombana: uhifadhi na uendelezaji. Mwaka 1994 ulipatikana mpango wa uhifadhi uliotayarishwa kwa msaada wa Aga Khan Trust for Culture, pamoja na sheria ya kuusimamia. Sheria nyingine ilifuata mwaka 2010. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tangu hapo mwenye nyumba hawezi kubomoa, kuongeza ghorofa wala kubadili mlango kwa hiari yake tu. Lazima aombe kibali, na nyumba zenyewe zimepangwa kwa madaraja kulingana na thamani yake ya kihistoria.

Lililookolewa na lililogeuzwa

Sheria pekee hazizuii paa kuvuja. Mfano wa jengo lililookolewa ni ile hospitali ya zamani iliyoko ufukweni, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan mwishoni mwa karne ya 19. Kufikia miaka ya 1980 jengo hilo lilikuwa katika hali mbaya, na mtu angeweza kudai kwa nguvu kuwa libomolewe. Katika miaka ya 1990 Aga Khan Trust for Culture ililitengeneza. Roshani zake za mbao zilizochongwa zilirudishwa, na mafundi wa hapo hapo walijifunza upya kazi ya chokaa na ya mbao. Hilo la mafundi ndilo tunaloliona kuwa na faida kubwa kuliko jengo lenyewe. Jengo moja likitengenezwa na wageni wakaondoka, limepona jengo moja. Fundi mmoja akijua chokaa, zitapona nyumba nyingi.

Mfano wa jengo lililogeuzwa ni Mambo Msiige. Walimu wenzetu watalipenda jina hilo. Ni nomino ikifuatwa na kitenzi cha dhamira tegemezi katika ukanushi, nafsi ya pili wingi: mambo ambayo ninyi msiige. Wanafunzi wakiulizwa kwa nini si "msiyaige", somo la kiambishi cha mtendwa limekwisha kuanza. Jumba hilo la karne ya 19 liliwahi kutumiwa na wamisionari wa UMCA na baadaye na ubalozi wa Uingereza, kisha likawa la ofisi za serikali. Mwaka 2015 lilifunguliwa likiwa sehemu ya hoteli kubwa. Jumba la zamani lilitengenezwa, lakini kando yake, penye uwanja wa wazi uliokuwa ufukweni, pakajengwa jengo jipya. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilieleza wasiwasi wake kuhusu mradi huo.

Je, Mambo Msiige liliokolewa au lilipotea? Kuta zake zipo. Lakini mtaa wa kihistoria si kuta peke yake. Ni pamoja na nafasi zilizo baina ya kuta, mahali ambapo watoto huchezea na wazee hupunga upepo. Mahali hapo pakijengwa, hakuna nyumba iliyobomolewa katika hesabu za ofisi, ila mji umepungua.

Krismasi ya mwaka 2020

Sasa turudi Beit al-Ajaib. Baada ya kutumika kwa mambo mbalimbali, jumba hilo lilikuwa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Ndani yake palikuwa na mfano wa mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba bila misumari. Kwa mwalimu wa Kiswahili palikuwa mahali ambapo neno lililo kwenye kamusi lingeweza kuguswa kwa mkono.

Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka, na jumba likafungwa kwa wageni. Ufa ulikuwa umesema. Mipango ya ukarabati ilichukua miaka, na kazi yenyewe ilianza baadaye kwa msaada wa Oman. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiendelea, sehemu kubwa ya upande wa mbele pamoja na mnara wa saa viliporomoka. Watu wawili walipoteza maisha.

Vifo hivyo vinatulazimisha kuwa waangalifu katika kutetea majengo. Anayesema "nyumba hii imebomoka mno, iondolewe kabla haijaua mtu" hasemi upuuzi, wala si adui wa utamaduni. Uhai wa mtu hautangulizwi na nakshi ya mlango. Kama nyumba inaning'inia juu ya kichochoro wanamopita watoto wa chuoni, jambo la kwanza ni kuwahamisha watu na kuufunga mtaa. Hata hivyo, kuondoa hatari si lazima kuwe kuondoa nyumba. Ukuta unaweza kutegemezwa. Sehemu iliyo hatari inaweza kushushwa jiwe kwa jiwe na kubaki ile iliyo nzima. Baada ya anguko lile, uamuzi uliotangazwa na serikali ulikuwa kulirudisha jumba, si kukisafisha kiwanja. Gharama yake, bila shaka, ni kubwa kupita ile ya kuziba paa mapema. Hapa methali haihitaji maelezo.

Kampala nayo

Msomaji wa hapa kwetu asidhani haya ni mambo ya pwani. Kilima cha Old Kampala ndicho alichopiga kambi Lugard mwezi Desemba 1890, akiwa na msafara uliotoka Mombasa. Mwaka 1908 makumbusho ya kwanza ya Uganda yaliwekwa katika ngome hiyo. Katika miaka ya 2000, wakati Msikiti wa Kitaifa wa Uganda ulipokuwa ukijengwa kilimani hapo, ngome ya zamani iliondolewa, na mfano wake ukajengwa mahali pengine pa kilima. Msikiti ni fahari ya jiji na unahudumia maelfu ya waumini. Hatuna sababu ya kuutamani usiwepo. Tunachosema ni kuwa mfano si ngome. Mfano unatueleza ngome ilikuwa na sura gani, lakini hauwezi kuulizwa swali jipya. Mtafiti hawezi kuchunguza udongo wake wala alama za mikono ya waliojenga.

Mfano wa pili ulikwenda njia nyingine. Makumbusho ya Uganda yaliyoko barabara ya Kira yalifunguliwa mwaka 1954 katika jengo lililosanifiwa na Ernst May, Mjerumani aliyefanya kazi Afrika Mashariki kwa takribani miaka ishirini. Mnamo mwaka 2011 ulijulikana mpango wa kujenga mahali hapo jengo la biashara la ghorofa 60. Asasi za kiraia zilipinga hadharani na kwenda mahakamani, na makumbusho yakabaki. Tofauti ya visa hivi viwili, kwa maoni yetu, haimo katika thamani ya majengo. Imo katika mjadala. Kimoja kilijadiliwa kwa sauti kabla ya kazi kuanza.

Vigezo vya kuamulia

Kutokana na mifano hii tunapendekeza maswali manne ambayo yapasa kujibiwa kabla ya kibali cha kubomoa kutolewa katika mtaa wa kihistoria. Kwanza, je, ubovu wa nyumba umepimwa na mtu anayeijua kazi ya chokaa na boriti, au na mtu anayeijua saruji tu? Pili, ni nani anayeishi humo, na atakwenda wapi? Ni rahisi kuokoa nyumba na kuwapoteza watu wake. Tatu, nini kitajengwa mahali pake, na je, kitajengwa kweli? Nne, nyumba imepimwa, imechorwa na kupigwa picha? Mali bila daftari hupotea bila habari, na nyumba pia ni mali.

Wapo watakaotujibu kwa methali nyingine, mwacha asili ni mtumwa, na kudai kuwa hakuna cha kubomolewa kamwe. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haimpi mhandisi jibu siku boriti inapolia. Nyumba nyingine zimekwisha kabisa na kuziacha ni ukatili. Tunachoomba ni kuwa uamuzi huo uwe uamuzi: ufanywe kwa sauti, mapema, na watu wanaojua wanachokipoteza.

Hitimisho: kazi ya mwalimu wa lugha

Huenda msomaji akauliza, sisi walimu wa Kiswahili tuna kauli gani katika mambo ya mawe? Tunayo, kwa sababu nyumba ni msamiati. Katika nyumba ya zamani ya Lamu, aingiaye hupita daka, akafika kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa, kisha msana, halafu ndani. Mwanafunzi wetu akisikia "kiwanda" hufikiria mitambo na moshi. Hajakosea, ila anajua nusu ya neno. Zidaka, yaani vishubaka vilivyo ukutani, hazina maana kwake kama hajaona ukuta mnene wa kutosha kuchimbwa shubaka. Hata baraza, ambalo sasa ni jina la mkutano wa mawaziri na la mahakama, lilianzia kwenye benchi la mawe nje ya nyumba, mahali pa kukaa na kuongea. Nyumba ikienda, neno halifi siku hiyo. Hubaki katika kamusi likiwa na fasili bila kitu, na baada ya kizazi kimoja hata mwalimu huwa analifundisha kwa kukisia.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza zoezi moja la muhula. Kila mwanafunzi achague nyumba moja ya zamani katika mji anakotoka, iwe Old Kampala, Jinja, Mombasa au Ujiji. Azungumze na wanaoishi humo na na fundi mmoja. Aandike jina la kila sehemu ya nyumba kama wanavyolitamka wao, aeleze kazi yake, na achore ramani ndogo. Asiulize kama nyumba ni nzuri. Aulize mahali ambapo maji huingia. Kazi hizo tuzitunze idarani. Siku mtu atakapokuja na hoja ya kubomoa, kutakuwa na daftari la kufunguliwa mezani, na fundi atakayetaka kuziba ufa atajua ukuta ulikuwa wa namna gani.